Nguzo za Namba Tatu

Kariakoo,
Jumamosi, alasiri.

Mwanangu Gaudensi,

Barua za watu huanza kwa kujuliana hali. Ya kwako naijua: asubuhi umekunywa chai bila sukari ukanuna, ukaoga, ukaenda Magomeni kuwaaga wenzako wa chuo. Ya kwangu unaijua pia, maana kikohozi changu hakijui ukuta. Basi tuyaruke hayo. Tuyaruke na mambo ya kuchemsha maji na kuvaa sweta, kwa sababu Bi Mwanaidi yuko uani anakukaushia samaki wa njiani na hotuba yake keshaiandaa. Mwenye nyumba huyu amekulea kuliko nilivyokulea mimi, mwache aseme yeye. Mimi nina neno moja tu, nalo limenikwama kooni miaka kumi na sita.

Nilitaje mapema, nisije nikapata upenyo wa kukimbia. Usiingie njia ya Namba Tatu. Usiingie wewe, wala usimwache mtu yeyote aingie. Ile ramani yenu si ya kuaminiwa, na ninayejua kwa nini ni mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeiharibia ukweli wake. Na mama yako, Gaude, hakufa kwa malaria.

Nimeandika. Nimetoka nje nikanywa maji, nimerudi, maneno bado yapo.

Jumapili iliyopita uliitandaza ramani hiyo hapa mezani, ukaweka kikombe kila pembe isijikunje. Ulikuwa umefurahi. Mpima wa serikali, miaka ishirini, unapelekwa kuufufua mgodi wa makaa ya mawe wa Lihanje, mji ulikozaliwa. Ukanieleza kana kwamba mimi sijawahi kufika: mafuta yamekuwa ghali, nchi inataka kuchimba makaa yake tena, wataalamu wamepata michoro ya kampuni ya zamani. Ukaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa ndipo tutaanzia, baba. Namba Tatu. Nguzo zake zote zimo, zimechorwa moja moja. Wazungu walikuwa makini bwana."

"Makini sana," nikasema.

Kisha nikaomba maji. Ukaniletea, ukaniuliza kama kifua kimenibana, nikakubali kwamba ni kifua. Ukakunja ramani yako ukaenda kupanga jiwe la kutushikia nafasi kwenye foleni ya mafuta ya taa, na mimi nikabaki na kikombe mkononi. Ramani ile ni ya kweli kwa siku ile kampuni ilipofunga lango. Yaliyotokea baada ya hapo hayakuchorwa na mtu.

Nikueleze mji wenyewe kwanza. Uliondoka huko una miaka minne, na unachokijua ni hadithi zangu, nami nilikuhadithia mechi za mpira tu.

Lihanje haukuwa mji. Ulikuwa mlima na mto, na watu wachache waliojua kwamba kule korongoni kuna mawe meusi yanayoshika moto. Kampuni ikaja, baba yangu akawa miongoni mwa waliochimba tundu la kwanza. Nilipofika umri wa kuajiriwa, mji ulikuwa umeshajaa: Wanyasa, Wabena, Wanyakyusa na sisi Wangoni, kila mtu na lugha yake nyumbani kwake, mgodini tukaongea Kiswahili ili mtu akipiga kelele ya hatari wote waelewe. Nyumba za matofali zilipangwa mistari mistari, tukaziita laini. Kulikuwa na zahanati, na duka la Mhindi lenye baiskeli zilizoning'inizwa darini, na timu ya mpira yenye jezi nyeupe ambazo hakuna aliyewahi kuziona zikiwa nyeupe. Malori yalipeleka makaa kwenye viwanda vya chai na kwenye mitambo ya umeme, mchana na usiku. Wanawake walianika nguo zikaingia vumbi jeusi, wakafua tena, wakatutukana. Mama yako Apolonia alikuwa bingwa wa kututukana. Alikuwa akisema alinikubali nikiwa mweusi wa makaa, na siku ya harusi nilipooga vizuri alidhani ameletewa mtu mwingine.

Kazi yangu mgodini ilikuwa fundi nguzo. Mgodi ule haukuwa shimo la kushuka kwa kamba. Unaingia ubavuni mwa mlima kwa miguu. Wachimbaji wanatoa makaa, wanaacha uwazi, na juu ya uwazi huo umekaa mlima mzima. Fundi nguzo anawafuata nyuma, anasimamisha magogo ya mninga kila hatua mbili ili paa lisishuke. Nilikuwa na kifimbo cha chuma cha kugongea. Paa zima ukiligonga linalia kwa ukali. Paa bovu linajibu kama debe tupu, na hapo unawaondoa watu bila kubishana. Ndiyo sababu kila chumba tulichopanga hapa Kariakoo niligonga dari kabla ya kuingiza kitanda, ukanionea aibu mbele ya wenye nyumba. Hukuniuliza kwa nini, nami nilishukuru hukuuliza.

Mji haukuanguka siku moja. Viwanda vya chai vikaanza kutumia mafuta badala ya makaa. Kwanza ikafutwa zamu ya usiku, tukafurahi kwamba sasa tutalala na wake zetu. Kisha Mhindi akateremsha baiskeli zake akazipakia kwenye lori, akatuachia kufuli mlangoni. Malori yakawa yanakuja mara moja kwa wiki, kisha dereva mmoja akatuambia hii ndiyo ya mwisho, akaomba radhi kama vile yeye ndiye mwenye kampuni. Siku ya kufunga, meneja alitupa mkono mmoja mmoja. Mlinzi akapiga honi ya zamu mpaka mvuke ukaisha. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na ujuzi usiotakiwa popote. Nilikaa kibarazani miezi mingi, nikanywa, nikamgombeza mama yako kwa sababu yeye alikuwa na bustani ya maboga na mimi sina kitu. Hilo nalo lijue, kwa kuwa ndilo lililoniandaa kwa upumbavu uliofuata.

Baada ya Azimio la Arusha tukahimizwa kuhamia kijiji kipya cha ujamaa, ng'ambo ya mto, tuishi pamoja na tulime pamoja. Mimi sikulalamika hata kidogo. Nilitaka mahali pa kuwa mtu tena. Lakini kijiji kilihitaji nyumba, shule, ghala na ofisi, na mbao hakuna. Msitu wa karibu tulikuwa tumeumaliza wenyewe kwa ajili ya mgodi. Mbao zote za nchi ile zilikuwa zimesimama chini ya ardhi, kavu, ngumu, mchwa hazigusi. Kwenye kikao mtu mmoja akauliza kwa mzaha, "Hivi zile nguzo kule ndani zinamsubiri nani?" Watu wakacheka. Kisha wakanigeukia mimi, wote, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu kunitazama akitaka kitu nilicho nacho.

Nikawaambia inawezekana, ila kwa mtu anayejua. Nikaingia na kifimbo changu, nikagonga, nikasikiliza, nikaweka sheria: moja ng'oa, mbili acha. Za kwanza zikajenga shule. Nani atakataa shule? Zikafuata za ghala na za ofisi ya chama. Kisha ikawa za watu. Sikutoza hata senti. Waliniletea kuku, pombe, mkungu wa ndizi, na kila nilipopita watoto walisema "Shikamoo Fundi." Heshima ile ndiyo iliyonilewesha, Gaude, pombe nasingizia tu. Jirani akiona nyumba ya mwenzake ina nguzo sita, naye anataka sita. Nikarudi mara ya pili pale pale nilipokwisha ng'oa, nikatoa moja katika zile mbili nilizoziacha. Nikajiambia paa limezoea.

Kuna kitu hapo nataka ukichukue, ingawa mimi si mtu wa kukupa ushauri. Mtu akikosea na watu wanamzomea, ataacha. Mimi nilikosea na watu wananishukuru, na sikupata mahali pa kusimama. Ni mtu mmoja tu hakunishukuru.

"Otmari," mama yako aliniambia, "ulilipwa kuzisimamisha. Leo unasifiwa kwa kuziangusha. Huoni haya?"

"Wewe shughulika na maboga yako," nikamjibu. "Mgodi niachie mimi."

Akaingia ndani. Hakurudia tena. Ningelipa chochote arudie, aniudhi kila siku, anifokee mbele ya watu wa kikao. Nilimnyamazisha mtu pekee aliyekuwa anagonga paa langu.

Sasa nifike Namba Tatu. Njia hii ndiyo iliyoenda mbali kuliko zote, na nguzo za mwisho kabisa zilikuwa nene, nzuri, hazijaguswa. Nilizitaka kwa ajili ya nyumba yetu ya kijijini. Nilijua njia ile inapita chini ya mji wa zamani, lakini gizani mgodini hakuna jua wala mti wa kukuonyesha ulipo, unahesabu hatua. Nilihesabu hatua mia mbili na kumi kutoka mlangoni, nikapiga hesabu zangu, nikasema hapa tupo chini ya uwanja wa mpira. Watu wameshahama, mpira hauchezwi, uwanja ukibonyea acha ubonyee. Nilichosahau ni kwamba Namba Tatu inapinda. Inapinda kushoto kidogo kidogo, na mtu anayetembea gizani hahisi kupinda, anaona anakwenda moja kwa moja. Miaka tisa niliifanyia kazi njia ile na sikuwahi kuitembea juu, juani, hatua kwa hatua. Hatukuwa chini ya uwanja. Tulikuwa chini ya laini ya tatu, nyumba zetu.

Asubuhi ile nilimwambia mama yako aende nyumba ya zamani akang'oe mlango. Ulikuwa mlango wa mninga nilioutengeneza kwa mkono wangu, na nilisikia watu wameanza kuiba milango.

"Nitakwenda kesho," akasema. "Leo mtoto ana jipu."

"Milango ya watu inaibwa, wewe unaniambia kesho?"

Basi akaenda. Siku zote alikubeba mgongoni, lakini jipu lako lilikuwa pajani na kitambaa kingelikubana, akakuacha kwa bibi yako. Hicho ndicho kilichokuweka hai, jipu. Mpaka leo kovu lipo, unalijua. Uliniuliza ulilipataje nikasema uliungua uji.

Mgodini tulikuwa wawili, mimi na mjomba wako Kastori, kaka yake mama yako. Tulipiga nyundo nguzo ya tano, ikatoka, na paa likalia. Si mlio wa debe, ni mlio mrefu, kama mti unaokatika. Tukakimbia. Tulianguka, tukainuka, tukakimbia hatua zile zote tukiwa na vumbi mdomoni, mpaka tukatokea juani. Tukajitupa kwenye majani. Kastori akanitazama, mweusi, meno tu yanaonekana, akaanza kucheka. Nikacheka na mimi. Tulicheka mpaka machozi, mwanangu, watu wawili waliookoka. Tulikuwa bado tunacheka tuliposikia wanawake wanapiga yowe upande wa laini.

Nyumba nne ziliingia ardhini. Tatu zilikuwa tupu.

Tulichimba siku tatu, kijiji kizima, kwa majembe na kwa mikono. Kila tulipochimba ardhi ilititia zaidi, na siku ya tatu maji yakapanda. Wazee wakasema inatosha, tutawazika na wengine. Nilipigana nao. Walinishika wanaume wanne. Padri akaja kutoka misheni akasoma sala ukingoni, akanyunyiza maji ya baraka kwenye matope, na hayo ndiyo maziko yake. Hakuna kaburi lingine.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki hiyo, kwa hiyo watu wakasema ni mvua. Viongozi wakaandika mvua. Nilingoja mtu mmoja aseme jina langu, lakini kila aliyenitazama alikuwa na nguzo zangu nyumbani kwake, na watoto wake wanasoma chini ya nguzo zangu. Wakanipa pole. Wakanichangia unga. Kastori alinifuata siku moja mtoni akasema, "Shemeji, tulicheka," na tangu siku hiyo hatujaandikiana. Ilipokwisha arobaini nikakubeba nikaja huku, mahali ambapo hakuna ajuaye fundi nguzo ni nani. Kule mtaa wa Gerezani nikapata karakana ya mtu, nikaanza kutengeneza vitanda na makabati kwa mbao za makasha ya bandarini. Kwa miaka hii yote sijawahi kukubali kazi ya kuezeka nyumba. Ulidhani ni uvivu, ukanitania, nami nikaitikia utani.

Ulipokuwa na miaka sita uliniuliza mama alikufa na nini. Nikasema malaria, kwa sababu malaria hakuna anayeihoji. Ukauliza amezikwa wapi, nikasema misheni, karibu na ukuta wa kengele. Uongo ukishauzaa inabidi uulishe: ukataka kujua kama kaburi lina maua, nikasema lina. Wiki iliyopita umeniletea kipande cha mninga, sijui umekitoa wapi katika mji huu, ukaniomba nikuchongee msalaba ukausimike mwenyewe. Nimeuchonga. Nimeandika APOLONIA kwa patasi, herufi nane, na kila herufi nilitaka kukuambia, nikapuliza vumbi la mbao nikaendelea na herufi inayofuata. Usiupeleke misheni. Hapo pa kengele hakuna kitu, utamfanya padri akuonee huruma. Mwombe Kastori akuonyeshe palipokuwa laini ya tatu, usimame mbali na ukingo.

Utaniuliza kwa nini sikukuzuia. Nimejaribu, kwa njia za mwoga. Ile barua yako ya ajira iliyopotea haikupotea. Niliificha kule Gerezani, kwenye kasha la misumari chini ya benchi langu, siku kumi na mbili, wewe ukienda posta kila asubuhi na kurudi umenywea. Siku ya kumi na mbili nilimweleza Bi Mwanaidi kila kitu. Ni mtu wa kwanza kunisikia tangu Kastori. Nilidhani atalia. Aliendelea kuchambua mchele wake.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, Baba Gaude," akasema. "Na safari hii kifo chenyewe si chako, cha mtoto. Mrudishie barua yake leo, la sivyo naisoma mimi barazani kwa sauti."

Nikakurudishia, nikasema tarishi aliiacha kwa jirani. Ulinikumbatia. Kisha nikajiambia nitakwenda mwenyewe ofisini kwenu kuwaeleza wakubwa. Nilikwenda mara mbili. Mara zote mbili mlinzi aliniuliza shida yangu, nami nikamwambia nauliza njia ya kwenda posta. Mara ya pili akanicheka, akasema, "Mzee, si ulishaelekezwa?" Nilikuwa naogopa. Mgodi ule ulikuwa mali ya umma, na unajua siku hizi wanaohujumu mali ya umma wanavyosakwa. Niliogopa jela, hilo ni kweli, lakini si hofu kubwa. Hofu kubwa ni uso wako. Katika dunia hii nina wewe, benchi, na kikohozi, na vile viwili havinipendi.

Ningepanda treni na wewe kesho kama kifua kingekubali. Kutoka hapa mpaka Mnazi Mmoja napumzika mara tatu. Mlima ule ungenimaliza kabla sijafika mlangoni. Kwa hiyo inabidi karatasi hii ipande badala yangu. Sikiliza vizuri, hapa naongea kama fundi. Namba Moja hatukuigusa, ilikuwa na maji. Namba Mbili tuling'oa kuanzia mlangoni mpaka hatua ya arobaini, ndani ni nzima. Namba Tatu ukiingia utaziona nguzo hatua themanini za mwanzo, zote zimo, na hizo ndizo zitakazowadanganya, kwa sababu niliziacha makusudi ili mkaguzi akichungulia asishtuke. Kuanzia hapo imebaki moja kati ya tatu. Kuanzia hatua ya mia na hamsini hakuna kitu, kuna mlima tu unaosubiri mtu apige chafya. Na chini ya laini yote kuna maji. Wasitoboe upande huo.

Barua hii mpe mkuu wa msafara wenu kabla hamjateremsha mizigo. Mpe yote. Najua utataka kuikata, umpe ukurasa wa hatua na umfiche ukurasa wa baba yako. Usifanye hivyo. Ukimpa maneno yasiyo na mwenyewe ataitazama ramani yake yenye mihuri na kuiamini ramani, kama ningefanya mimi. Akiona kuna mtu mwenye jina, anayeishi Kariakoo kwa Bi Mwanaidi, ambaye yuko tayari kufungwa kwa neno alilosema, hapo atasita. Kastori atathibitisha. Mwambie nimeshasema, asiogope kunitaja.

Na watu wa kijiji usiwachukie. Walitaka shule na wakapata. Wengi wao walimpenda mama yako, na nadhani wengine hawajalala vizuri tangu siku ile.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya begi lako, uikute ukishuka Makambako, ukiwa mbali na mimi. Nimeibadili nia hiyo sasa hivi, wakati naandika. Hiyo ingekuwa kubisha mlango na kukimbia. Nasikia sauti yako barazani, umesharudi, Bi Mwanaidi anakuuliza mbona umechelewa. Nitakuita ndani nikupe mkononi, na nitakaa hapa kitandani mpaka uimalize. Ukitaka kunipiga, piga. Ukitaka kuondoka bila kusema neno, sitakuita nyuma. Unaweza ukaacha kuniita baba kuanzia leo, na mtu akikuuliza kwa nini, mweleze yote.

Lakini nisikilize kwa hili moja, halafu usinisikilize tena maisha yako yote. Baki nje ya mlima ule. Nataka uishi unichukie miaka mingi.

Baba yako,
Otmari